Nyuma Yake, Ingia

Mkurugenzi ameniomba niwaachie ninyi vijana wa chumba cha tafsiri kurasa chache kabla sijarudisha ufunguo. Alipendekeza nieleze nilivyopanda ngazi. Ngazi nimezipanda kweli, thelathini na mbili kila asubuhi, kwa sababu lifti ya jengo letu la Fordsburg iliharibika mwaka wa pili wa kazi yangu na hadi leo inasubiri fundi. Mambo ya vyeo waulizeni wenye vyeo. Mimi nitaandika habari za kazi yenyewe, na zaidi habari za kitabu changu cha mwisho, kile cha upanga, maana mmesikia nusu yake tu, na hiyo nusu mliyoisikia inamwonea mtu.

Nilizaliwa Uvira, Kongo, kando ya ziwa. Mapadri wa Kiitaliano walinisomesha, wakanipeleka kwao miaka minne ili niwe padri, nikarudi na Kiitaliano bila upadri. Mama alisema wamemrudishia nusu ya mzigo. Vita viliponisukuma mpaka Johannesburg, Kiitaliano hakikuwa na kazi yoyote. Nililinda geti la ghala la matairi, redio kiunoni na kitabu cha sarufi ndani ya koti, nikijisomea vitenzi ili visinitoroke. Rafiki yangu mmoja Mrundi ndiye aliyeniambia kuna wachapishaji wadogo Fordsburg, juu ya duka la vitambaa, wanaotafuta mtu wa kutafsiri kwa Kiswahili. Nilikwenda na sare ya ulinzi kwa sababu sikuwa na shati lingine lenye kola.

Aliyenipokea alikuwa Bi Zuhura, mhariri, mwanamke wa Tanga mwenye miwani ya kamba na sauti ndogo ambayo sijawahi kumwona mtu akiikatiza. Alinipa karatasi ya maelezo ya dawa ya kikohozi cha watoto, akaniambia nitafsiri. Nilimaliza upesi, nikajiona nimefaulu. Hakuisoma. Alisimama, akasema nimfuate, tukashuka ngazi zote mpaka dukani, akamsomea karatasi yangu mama mmoja aliyekuwa akipima kitambaa, kisha akamwuliza mtoto atampa dawa saa ngapi. Mama yule alijibu bila kuacha kupima kwamba ni saa nane, ya mchana na ya usiku, maana imeandikwa kila saa nane.

Mimi nilikusudia kila baada ya saa nane kupita. Bi Zuhura alinitazama, akasema mtoto huyo hajapona na mimi niko juu nakunywa chai. Aliniajiri siku hiyo hiyo, na sijapata kuelewa kwa nini. Tangu hapo kila tafsiri yangu ilishuka zile ngazi kabla ya kwenda kwa mchapaji. Tulimsomea mtu asiyejua habari, tukamwuliza sasa atafanya nini. Hatukumwuliza kama ameelewa, kwa sababu watu wenye adabu hujibu ndiyo.

Jambo la pili alilonifundisha ni herufi K. Kila alipokuta Kiswahili cha kwetu kimechungulia kwenye ukurasa, aliandika K ndogo ya penseli pembeni. Ilikuwa K ya Kongo. Hakueleza, kosa nililitafuta mwenyewe. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na K kumi na moja. Sisi, kwa mfano, tunasema "juu ya" tukiwa na maana ya "kwa sababu ya". Katika kitabu kimoja cha sala niliandika kwamba mwanamke alilia juu ya mume wake, na Bi Zuhura akaniuliza kama huyo mume bado anapumua huko chini. Nami nililipiza. Alipotumia neno la pwani ambalo Mkongo wa mtaa wa Diepsloot hapa Johannesburg hawezi kulijua, nilimwekea T ya Tanga. Tuliishi hivyo miaka mingi, kwa K na T, tukatoa vitabu vya watoto, fomu za hospitali, maelezo ya mashine za kufulia, vitabu vya dua na vya sala, na sidhani kama nimecheka mahali popote kuliko chumba kile.

Ninyi mnanitania kwa penseli yangu. Najua, nimesikia. Kompyuta ni nzuri, ila ukifuta neno linakwenda kana kwamba halikuwahi kuwepo, na mtu wa pili hajui ulisitasita wapi. Kwenye karatasi anaona. Nimefanya kazi na kamusi tatu, moja imepoteza herufi S yote kwa sababu ya chai, na kisanduku cha kadi ambacho kila neno gumu lilipata kadi yake. Kisanduku nakiacha kwenye rafu ya dirishani. Kama hamtakitumia, msikitupe kabla sijafika mbali.

Miaka mitatu iliyopita mzee mmoja alipanda ngazi, akafika juu hana pumzi, akaomba maji kwa Kiitaliano bila kujijua. Nilimletea maji na kumjibu kwa Kiitaliano, na hapo kazi ikaanza. Jina lake Aldo. Aliletwa Johannesburg na wazazi wake akiwa mchanga, akawa fundi wa vyuma, akastaafu, na kila Jumamosi anafundisha mchezo wa upanga katika ukumbi wa kanisa kule Rosettenville. Si ule upanga mwembamba wa mashindano wenye waya za umeme. Ni upanga mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili, kama walivyoutumia Waitaliano zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Alikuwa na picha za muswada wa mwalimu wa zama hizo, mtu ambaye hakuandika hata jina lake. Ilikuwa michoro ya watu wawili wawili wakikabiliana, na chini ya kila mchoro mistari michache ya maelezo.

Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wa Wareno na Waitaliano wa mtaani. Hao walikua, wakahama. Waliobaki ni walinzi, wasusi na mafundi cherehani, Wakongo wengi na Watanzania wachache, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Aldo hana Kiswahili. Alikuwa akiwafundisha kwa kuwashika mikono na kuwaelekeza, na sasa mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alitaka kitabu kitakachofundisha wakati yeye hayupo, na aliposema hayupo hakuwa anazungumzia likizo.

Wiki mbili za kwanza sikuandika kitu. Neno upanga lilinikataa. Kwetu mupanga ni ule wa shambani, nami nimeuona ukifanya kazi isiyo ya shambani, hivyo kila nilipofika mahali panaposema umkate mtu kichwani, niliweka penseli chini nikaenda dirishani. Niliogopa, sioni haya kusema. Nilipomweleza Aldo, hakunibembeleza. Alinipa upanga wa mti, akanionyesha jinsi ya kuupokea wa mwenzangu na kuupeleka kando bila mtu yeyote kuumia. Tulirudia mpaka mabega yakaniwaka. Nikaona kwamba nusu nzima ya muswada ule inafundisha namna ya kutokufa, nikarudi mezani nikaanza ukurasa wa kwanza.

Kisha yakaja maneno. Mwalimu yule wa kale anaita kila namna ya kusimama "posta". Posta kwa Mswahili ni mahali pa barua, na kwa walinzi wa Johannesburg inakaribia kuwa kile kibanda wanachopangiwa zamu. Nisingeweza kumwambia mtu asimame posta na upanga mkononi. Nikachagua mkao. Mkao mmoja aliuita wa mjane. Upanga umeinama, ncha iko chini, hauanzi ugomvi, unangoja. Bi Zuhura akaubatiza kizuka, neno la pwani kwa mke aliyefiwa ambaye yumo ndani anakaa eda, hatoki. Nilimwekea T kubwa. Wakongo hawakulijua neno hilo, lakini walipoelezwa walilipenda, na leo ukiingia ukumbini utamsikia mlinzi wa Bukavu akimwambia mwenzake akae kizuka.

Wakati huo Bi Zuhura alikuwa amekwisha staafu na kurudi Tanga. Kurasa zangu zilimfuata kwenye mizigo ya wafanyabiashara wa Fordsburg wanaokwenda Dar es Salaam, zikarudi na penseli yake. K zilikuwa zimepungua sana. Ningeweza kupata kurasa kumi bila hata moja. Nilijivunia hilo kuliko cheti chochote nilichopewa na ofisi, nikaanza kuamini kwamba Kongo imekwisha kwenye kalamu yangu.

Ukurasa wa arobaini na moja ulirudi na K moja. Maelezo yenyewe yalikuwa haya: "Mpinzani akikupiga kutoka juu, pokea upanga wake kwa upanga wako, uusukume kando. Nyuma yake, ingia kwa mguu wa kulia, umshike mkono." Nilisoma mara mbili, sikuona kosa. Nikasema moyoni kwamba mama wa watu amechoka, macho yake si yale. Na nikisema ukweli, nami nilikuwa nimechoka kuwa Mkongo wa pembeni mwa ukurasa. Nilichukua raba nikaifuta ile K. Simu ilikuwa mezani, sikumpigia kumwuliza.

Ukumbini tulikuwa na namna yetu ya kushusha maneno ngazi. Watu wawili walipewa ukurasa, wakausoma kwa sauti, wakatenda kilichoandikwa na si zaidi. Aldo alikaa kwenye kiti, amekatazwa kusema neno. Sheria hiyo niliitunga mimi. Kitabu kitakuja kuwa peke yake, basi kijaribiwe kikiwa peke yake. Ukurasa wa arobaini na moja ulijaribiwa na jozi tatu kwa Jumamosi tatu, na wote wakafanya kama mchoro unavyoonyesha. Wote sita walikuwa Wakongo. Hilo sikuliona kuwa jambo la kuangalia.

Jumamosi ya nne akaja Salehe. Salehe ni fundi cherehani wa Fordsburg, mtu wa Dar es Salaam, anashona kanzu na sare za shule, mpole, hana maneno mengi. Utotoni alisoma chuoni, na Kurani anaisoma vizuri, lakini shuleni hakukaa. Herufi hizi zetu alizifuata huku Johannesburg akiwa na miaka arobaini, kwenye vitabu vya darasa la kwanza vya binti yake Rehema na kwenye mabango ya maduka. Anasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari, wala haruki hata nukta. Wenzake walimtania kwa kidole hicho. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa msomaji wa namna ile anafanya unachosema, hafanyi anachodhani ulitaka kusema.

Alipangwa na Bahati, mlinzi kutoka Bukavu. Salehe alisoma ukurasa taratibu, akaurudia, wakachukua panga za mti. Vinyago vya waya vya kukinga uso vilikuwa vichache, tuliviweka kwa mapambano ya kasi, na hili lilikuwa zoezi la polepole. Bahati akapiga kutoka juu. Salehe akaupokea upanga, akausukuma kando vizuri kabisa. Halafu, badala ya kuingia kwa mbele na kumshika mkono, akamzunguka Bahati upesi na kwenda mgongoni kwake. Bahati hakumtegemea huko. Alikuwa anaurudisha upanga wake begani ili ajiandae kwa pigo la pili, na ncha ya mti ikampata Salehe kwenye jicho la kushoto. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akafunika jicho kwa kiganja, akauliza amekosea wapi.

Aldo alikuwa tayari amepiga magoti mbele yake, akisema maneno ya Kiitaliano ambayo hayamo kwenye muswada. Tulimpeleka hospitali kwa gari la msusi mmoja. Daktari alisema uvimbe ni mkubwa, tusubiri wiki kadhaa ndipo itajulikana kama jicho litaona. Kila mmoja wetu alijua hiyo maana yake nini kwa mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano tangu asubuhi mpaka jioni. Bahati alilia waziwazi kwenye benchi la nje.

"Papa Deo, ile paje iliandikwa muzuri kabisa," aliniambia kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa. "Sisi wote tuliifanya. Ni yeye hakusoma bien."

Wengine waliitikia kwamba ndivyo. Salehe naye alikubali. Akiwa kitandani, kichwa kimefungwa bendeji, alinishika mkono akaniomba radhi kwa kuharibu jaribio. Rehema, ambaye sasa ni msichana mkubwa na anafanya kazi kwenye duka la dawa, alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Alimwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba alishamwonya asijitie kwenye mambo ya vitabu, na Salehe akatikisa kichwa kukubali, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Jumatatu nilikaa mezani na ukurasa alioudondosha Salehe. Niliusoma kama anavyosoma yeye, kwa sauti, kwa kidole, nikisimama kwenye kila mkato. Nyuma yake. Ingia. Nikausikia kwa sauti ya mtu wa Dar es Salaam. Kwetu nyuma ya kitu ni baada ya kitu. Nyuma ya misa tunakunywa chai, nyuma ya kazi tunarudi nyumbani. Mwitaliano alikuwa ameandika neno dogo lenye maana ya kisha, nami nikaliandika kama mama yangu angelisema. Kwa mtu wa pwani nyuma yake ni mgongoni kwake, na hakuna njia nyingine ya kuelewa. Salehe aliambiwa aende nyuma ya mtu mwenye upanga, akaenda. Nilitoa faili lenye kurasa za Bi Zuhura. Raba ilikuwa imefanya kazi nzuri, lakini nilipoinamisha karatasi kwenye mwanga, alama ya K ilikuwa bado imejichimba pale.

Sasa nawaambia nilichofanya, na ndiyo sababu nimekubali kuandika. Nilifuta Nyuma yake, nikaandika Kisha. Nikatuma faili kwa mchapaji na sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba kitabu sasa kiko salama, kwamba jicho huenda likapona, kwamba mtu anayestaafu baada ya miezi michache hana haja ya kuondoka na fedheha. Kila sababu ilionekana nzuri nilipoisema peke yangu.

Jicho halikupona. Upande ule Salehe anaona mwanga, na kivuli mtu akipita, basi.

Kitabu kilitoka kizuri, michoro yake mikubwa, karatasi nzito. Tulikizindua ukumbini Jumapili moja mchana. Watu walikula sambusa, na Bahati na mwenzake wakaonyesha mchezo wa ukurasa wa arobaini na moja bila kosa. Aldo alisimama akatoa hotuba fupi. Alinisifu kwa Kiitaliano mpaka nikatazama chini, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba yaliyompata rafiki yetu Salehe yatufundishe sote kusoma kwa makini. Hakusema kwa ubaya. Watu waliguna kwa huruma, mmoja akasema eish, maskini. Salehe hakuwepo. Niliweka sahani chini.

Asubuhi yake nilimpigia Bi Zuhura simu. Nilimweleza yote mpaka kwenye raba. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Niliweka K?" aliniuliza.

"Uliweka."

"Ukaifuta."

"Niliifuta, Bi Zuhura. Unisamehe."

"Mimi sikupoteza jicho," alisema. "Mimi unaniomba radhi ya bure. Nenda kwa mwenyewe, Deo. Na uende na ile karatasi, usiende na maneno matupu."

Baadaye aliuliza kama lifti imetengenezwa, nikamwambia bado, akasema kwa hiyo pumzi ya kwenda kwa Salehe ninayo.

Chumba cha kushonea cha Salehe kiko mtaa wa pili kutoka ofisini, mwendo wa dakika tano. Mimi nilitumia wiki saba. Siku hiyo nilisimama kwenye roboti ya kona, hizi taa za barabarani, ikawa kijani mara mbili nisivuke. Nilimkuta ameinamia sare ya shule, kichwa kimegeuzwa upande ili jicho la kulia liwe karibu na kazi. Kwenye mto wake wa pini kulikuwa na sindano kumi au zaidi, zote zimekwisha tiwa uzi. Rehema humtilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni, yuko chumba cha ndani anapika. Daftari la vipimo vya wateja lilikuwa limefungwa. Aliniambia siku hizi Rehema ndiye anayemsomea vipimo.

"Mimi kusoma nimeacha, Mzee Deo," alisema. "Nilikuwa najidanganya. Mtu mzima unajitia msomi, mwisho unajitoboa jicho. Hata yale mabango barabarani sasa siyaamini. Naona herufi, najiambia labda siyo hiyo."

Hakuwa analalamika. Alisema kama anavyosema mtu kwamba mvua imenyesha. Nilikuwa nimetunga maneno yangu vizuri njiani, yakapotea. Nilimwambia tu kwamba hakukosea. Nilimweleza habari ya nyuma yake ya Uvira na nyuma yake ya Dar es Salaam, habari ya K, habari ya raba, habari ya neno nililolibadilisha kimyakimya wakati yeye amelazwa akiniomba mimi radhi. Nilimwambia kwamba katika watu wote walioujaribu ukurasa ule, yeye peke yake ndiye aliyefanya kilichoandikwa kwa Kiswahili cha vitabu. Wengine sita walifanya nilichokuwa nacho kichwani kwa sababu tuna kichwa kimoja.

Salehe alinyoosha mkono. Nilimpa karatasi. Aliisogeza upande wa jicho zima, akatafuta mstari, akasoma kwa sauti, neno moja moja, kwa woga mwanzoni. Alipofika palepale alisimama.

"Nyuma yake," alisema. "Yaani nyuma ya huyo mtu."

"Ndiyo. Umesoma sawa."

"Na wewe ulitaka kusema kisha."

"Nilitaka kusema kisha."

"Mbona hukusema kisha?"

Aliisoma tena yote tangu mwanzo, safari hii bila kusita, na aliposhusha karatasi uso wake ulikuwa mgumu. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimekuja tayari kwa hilo, na nadhani ningelifurahia. Lakini aligeuza kichwa akamwita binti yake, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake ukumbini. Rehema alitoka na mwiko mkononi.

"Ya jicho tutaongea siku nyingine, na tutaongea sana," Salehe aliniambia. "Leo mwambie mwanangu nilisoma sawasawa."

Nilimwambia kwa Kiswahili. Na kwa kuwa Rehema amezaliwa hapa na Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi, nilirudia kwa Kiingereza, polepole, nisiache mwanya. Baba yako alisoma kilichoandikwa, akafanya kilichoandikwa, na kosa ni la aliyeandika. Ndiyo tafsiri ya mwisho niliyoifanya katika kazi hii, na sikuhitaji kumwuliza mtu kama ameielewa, kwa sababu Rehema aliweka mwiko juu ya cherehani, akavuta kiti, akakaa karibu na baba yake upande wa jicho bovu.

"Baba," alimwambia kwa Kiswahili, akiyatafuta maneno, "nisomee na mimi."

Salehe akaanza tena kutoka juu ya ukurasa.